Nodi moja inavuta njia zote kwenye meshi ya mapaa, Mji wa Kale, Mombasa: ni hujuma au ni hitilafu?

Kibokoni_Meshi

Salaam wadau. Tuna meshi (rauta zinazopokezana data bila waya) ya nodi 17 juu ya mapaa, kuanzia Kibokoni na Makadara hadi ukingo wa Bandari ya Kale. Kiungo kimoja kinavuka maji kwenda upande wa Mkomani, ambako kuna lango la pili la intaneti. Rauta ni za bei nafuu: chipu za Atheros, flashi MB 16, RAM MB 128, zinaendesha OpenWrt, mfumo huria wa rauta. Chini kuna 802.11s (Wi-Fi ya kuunganisha rauta kwa rauta) yenye SAE, yaani uthibitisho wa nywila, na uelekezaji wake wenyewe, `mesh_fwding`, umezimwa. Juu yake kuna batman-adv, programu inayochagua njia kati ya nodi, kwa itifaki ya BATMAN IV. Nywila ya SAE ni moja kwa nodi zote, na wanaoijua ni wengi kuliko tunaoweza kuwataja: mafundi wa awali, wenye nyumba, na kila aliyewahi kushika ngazi wakati wa kufunga.

Dalili ziko hivi. `batctl o`, orodha ya njia, inaonyesha nodi nyingi zinapita nodi 9, hata zile ambazo zina jirani aliye karibu zaidi na lango. `batctl ping` (pakiti ndogo ya kupima kama upande wa pili unajibu) hadi langoni inapita vizuri, ping ya kawaida pia. Lakini kurasa hukwama katikati. Ujumbe wa maandishi unafika, picha haifiki. Nodi 9 ikizimwa hali inatengemaa, ila kile kiungo cha kuvuka maji kinaendelea kupoteza pakiti kwa saa zisizoeleweka. Tena, mara mojamoja `batctl gwl`, orodha ya malango, inaonyesha lango la tatu ambalo si letu.

Nauliza:
1. Nitajuaje kama nodi 9 ni nodi hasidi au ni mbovu tu? Ipo juu ya nyumba ya jirani, na hatutaki kumshutumu mtu bure.
2. Nimesoma kuhusu SAODV, itifaki ya kutafuta njia yenye saini, na kuhusu nodi kusikilizana zichungane. Vinafaa kuwekwa hapa?
3. Kama ni kubadilisha mfumo wa funguo, tuanzie wapi bila kuuzima mtandao mzima?

---

Binti_Tudor

Kaka, weka hujuma kando kwanza. Ping ndogo ikipita na picha ikikwama, mshukiwa wa kwanza ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa fremu moja kwa baiti, mpaka ithibitike vingine. batman-adv huongeza kichwa chake juu ya kila fremu, kwa hiyo kiolesura cha redio kinatakiwa kiwe na MTU ya 1532. Nodi iliyobaki na 1500 inalazimika kukata fremu kubwa vipande viwili. Kama mtu alizima `fragmentation` kwenye nodi hiyo, fremu kubwa inayopitia hapo inatupwa bila taarifa kwa yeyote. Na `batctl ping` haitakuonyesha, kwa sababu pakiti zake ni ndogo na haziingii kwenye mkondo wa data ya watumiaji.

Chukua laptopu ya Linux iliyounganishwa nyuma ya nodi inayopitia 9 (ping ya BusyBox iliyo kwenye rauta usiitegemee kwa hili), upige anwani ya lango ndani ya meshi:

`ping -M do -s 1472 <anwani ya lango>`

1472 na baiti 28 za vichwa zinatimia 1500. Ikigoma, shuka polepole. Ikianza kupita ukiwa kati ya 1440 na 1450, umempata mhalifu wako na si binadamu. Halafu ingia nodi 9 utazame `ip link show mesh0`, `batctl fragmentation`, na `dmesg`. Batman-adv yenyewe hulalamika kwenye kumbukumbu ya mfumo pale MTU inapokuwa ndogo.

Sasa kuhusu kuvuta njia. Katika BATMAN IV kila nodi hutoa tangazo kila sekunde, na tangazo hilo hubeba TQ, namba ya 0 hadi 255 inayoeleza ubora wa njia. Kila anayelirudia tangazo anapaswa kuipunguza TQ kulingana na ubora wa kiungo chake, pamoja na adhabu ya hatua, `hop_penalty`, ambayo kwa kawaida ni 30. Hakuna saini popote. Nodi ikirudia tangazo la lango bila kupunguza kitu, majirani wataiamini na kumiminia trafiki yao huko. Hiyo ndiyo hujuma nyepesi kuliko zote katika meshi ya aina hii.

Lakini nodi iliyowekwa `hop_penalty 0` na fundi mwenye nia njema, aliyetaka "kuipa nguvu", inaonekana karibu vilevile kutoka nje. Endesha `batctl hop_penalty` kwenye nodi 9 na umalize ubishi.

Lango la tatu ndilo la kukunyima usingizi. Nodi yoyote iliyomo ndani inaweza kuandika `batctl gw_mode server` na kutangaza kasi inayotaka. Namba hiyo inajitungia yenyewe, hakuna anayeipima. Ikiwa nodi zako ziko `client` zenye daraja la uteuzi 1, kasi hiyo ya kujisifia inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya kuchagua lango, na maombi ya DHCP (ya kupewa anwani ya mtandao) ya watumiaji yatapelekwa kwake. Akishawapa watu anwani ya DNS yake, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, hahitaji tena kuharibu njia yoyote. Lango hilo likijitokeza tena, nakili MAC yake (anwani ya redio yake), kisha fuatilia njia kwa `batctl tr <MAC>` kutoka nodi tatu zilizo mbalimbali. Mahali ambapo njia hizo zinakutana ndipo yule jamaa amejishikiza.

---

FundiAntena

Nyongeza kuhusu kiungo cha Mkomani, maana hapo naona mtashika mchawi asiyekuwepo.

Kiungo kinachokatisha maji hupokea mawimbi mawili: lile la moja kwa moja na lile lililogonga uso wa maji. Yanapofika yakiwa yamepishana nusu urefu wa wimbi, yanafutana. Tofauti ya safari zao ni takriban 2 × h1 × h2 ÷ d, ambapo h1 na h2 ni urefu wa antena juu ya maji na d ni umbali. Tuseme paa moja liko mita 12 juu ya maji, jingine mita 10, umbali mita 800. Maji yakijaa, tofauti ni 2 × 12 × 10 ÷ 800, yaani mita 0.30. Yakipwa kwa mita 3, antena zinakuwa mita 15 na 13 juu ya maji, na tofauti inakuwa karibu mita 0.49. Imebadilika kwa sentimita 19 hivi. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5 na ushei, kwa hiyo ndani ya muda wa maji kupwa, saa 6 hivi, ishara inaanguka na kuinuka mara 3 au 4. Kwa 2.4 GHz, wimbi ni sentimita 12.5, itaanguka mara 1 au 2.

Ndiyo maana saa zake "hazieleweki". Zinaeleweka ukiwa na jedwali la maji. Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku kilele kinasogea mbele kama dakika 50. Rekodi ishara na upotevu kila dakika 5:

`iw dev mesh0 station dump | grep -E 'Station|signal|tx failed'`

Baada ya wiki mbili utakuwa umepata bamvua moja (siku maji yanapojaa na kupwa zaidi) na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo). Chora grafu. Mashimo yakisogea dakika 50 kwa siku, na yakizidi siku za bamvua kisha kupungua maji mafu, hiyo ni bahari. Upotevu unaokuja saa mbili usiku kila siku bila kusogea ni watu wamerudi nyumbani wanaangalia video. Ukija mvua inaponyesha na kubaki siku mbili baadaye, fungua kiunganishi cha antena: chumvi imeingia, shaba imegeuka kijani, na maji yamepanda ndani ya kebo. Hiyo haiponi kwa kupanguswa. Kata kebo, weka kiunganishi kipya, zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake utepe wa kawaida wa kuzuia jua.

Dawa ya mwangwi wa maji: usikimbilie kuinua antena, maana h ikiongezeka mashimo yanaongezeka. Irudishe nyuma ya ukingo wa paa hadi ukingo uikinge isione sehemu ya maji inayorudisha wimbi, huku mstari wa kuelekea Mkomani ukibaki wazi. Ikishindikana, funga antena mbili kwenye mlingoti mmoja, moja juu ya nyingine, zenye urefu tofauti, ili zisiingie shimoni kwa wakati mmoja.

Nodi hasidi haifuati mwezi. Ondoa kwanza kila upotevu wenye ratiba, ndipo ukitazame kinachobaki.

---

mzizi_wa_lango

Hayo ya vipimo yametosha, nijibu swali la 3.

SAE yenyewe ni nzuri: mtu wa nje hawezi kunasa mawimbi akaenda nyumbani kuikisia nywila kwa kompyuta. Tatizo ni kwamba inajibu swali moja tu, "je, huyu anaijua nywila?" Aliyeijua yuko ndani kwa haki sawa na lango lako. Na kuijua ni rahisi kuliko mnavyodhani. OpenWrt ina hali ya dharura: bonyeza kitufe wakati rauta inawaka, unapata root (mamlaka yote ya rauta) bila nywila yoyote, unasoma `/etc/config/wireless`, imeandikwa wazi. Anayeweza kufika darini anaweza kuwa nodi. Anaweza kuwa hata nodi tano kwenye kisanduku kimoja, kila moja na MAC yake, na batman-adv itazihesabu zote kuwa tofauti.

Kwa hiyo chukulieni meshi nzima kama barabara ya umma, na ulinzi uwekeni kwenye miisho.

Hatua ya kwanza haigusi uelekezaji hata kidogo. Kila nodi itengeneze jozi yake ya funguo za WireGuard, handaki la kusimba data (`wg genkey`, `wg pubkey`), na ufunguo wa siri usitoke kwenye nodi hiyo. Malango mawili yaorodheshe funguo za hadharani za nodi 16 nyingine, kila mmoja na `AllowedIPs` (anwani anazoruhusiwa) ya subneti yake, yaani fungu lake la anwani, peke yake, mfano 10.44.9.0/28 kwa nodi 9. Trafiki yote ya watumiaji iingie kwenye handaki pale kwenye nodi yao. DHCP itolewe na nodi yenyewe, si kupitia meshi. `gw_mode` izimwe kila mahali. Kwa hatua hiyo moja lango la uongo linakosa kazi: halina maombi ya kujibu, halisomi kitu, haliwezi kujifanya lango kwa kuwa halina ufunguo. Linabaki na uwezo mmoja tu, kutupa pakiti.

MTU ya WireGuard iachwe 1420, na kwenye firewall ya nodi washa `mtu_fix` upande wa handaki ili TCP ijipunguze yenyewe. Zile rauta zina kiini kimoja, na kusimba kunakula nguvu. Pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kupitia handaki kabla hamjawaahidi watu kasi yoyote.

Kuna mtego wa saa ambao utawapata mara ya kwanza stima zikipotea. WireGuard hutia muda kwenye pakiti ya kwanza ya kusalimiana, na upande wa pili hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko uliokwisha kuuona. Rauta hizi hazina betri ya saa. Zikiwaka huchukua muda wa faili jipya zaidi lililomo `/etc`, ambalo huenda ni la miezi iliyopita. Salamu zinakataliwa, na kama NTP, huduma ya kurekebisha saa, inapita ndani ya handaki, saa haitarekebishika kamwe. NTP itolewe na lango kwenye anwani ya meshi, nje ya handaki.

Hapo umefungua kidirisha kidogo: NTP hiyo haina saini, na mhujumu anaweza kuisukuma saa ya nodi hadi mwaka 2035. Nodi ikisalimia kwa muda huo halafu saa ikarudi sawa, lango litaikataa mpaka 2035 ifike. Ponya yake ni kumwondoa jirani huyo langoni na kumrudisha, ili ule muda uliohifadhiwa ufutike. Kwenye bodi zenye pini za I2C (za kuunganisha vifaa vidogo), moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032 inamaliza habari yote hiyo.

Hatua ya pili ni ya wanaotaka kulinda njia zenyewe. Toka batman-adv, nenda Babel, itifaki nyingine ya uelekezaji (waraka wake rasmi ni RFC 8966), kiolesura kimoja cha WireGuard kwa kila jirani. Lazima kiwe kimoja kwa kila jirani, kwa sababu Babel hutuma kwa matangazo ya kikundi na WireGuard haijui kugawa tangazo kwa majirani kadhaa. Weka anwani ya fe80 (ya IPv6, ya ndani ya kiungo) kwa mkono pande zote mbili, na `route_allowed_ips` iwe 0. Jozi zote za nodi 17 ni 136, lakini usiogope: paa moja linaona majirani 3 hadi 5, na hizo tu ndizo utakazoandika. Handaki la mwisho kwa mwisho likipita ndani ya haya ya jirani kwa jirani, lishushe MTU hadi 1340, la sivyo utarudi kwenye ugonjwa ule ule wa nodi 9.

---

Nukta_Heshi

Nakubaliana na mzizi, ila watu wasije wakaelewa kwamba Babel ikishafungwa kwa funguo basi njia zimekuwa za kweli. RFC 8967 inaweka alama ya uthibitisho, HMAC-SHA256, kwenye kila pakiti ya Babel, na ina sifa moja tamu kwa mazingira yenu: kuzuia pakiti za zamani zisirudishwe inatumia kihesabu na changamoto, haitegemei saa. Lakini alama hiyo inathibitisha jirani, haithibitishi anachokisema. Jirani halali akitangaza kwamba njia ya kwenda langoni kwake ina gharama ndogo ajabu, tangazo litapita likiwa na alama safi kabisa. WireGuard kwa kila kiungo iko hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba sasa unajua ni nani aliyesema, na unaweza kumng'oa yeye peke yake.

Kinachopunguza uongo ni chujio. Amueni ni nodi zipi zinastahili kupitisha trafiki ya wengine. Kwenye mapaa ya namna hiyo huenda ni 5 au 6. Zilizobaki ni ncha. Kwa kila ncha, majirani zake waandike:

`in if wg-n9 ip 10.44.9.0/28 eq 28 allow`
`in if wg-n9 deny`

Nodi 9 sasa inaweza kutangaza subneti yake tu. Ikijidai kuwa njia ya kwenda langoni, majirani hawasikii. Nodi za kupitisha ndizo zitakazobaki za kuaminiwa, kwa hiyo ziwekeni mahali penye kufuli.

Kuhusu swali la 2. AODV (RFC 3561, mwaka 2003) nodi hutafuta njia kwa kuuliza, na anayejibu kwa namba ya mfuatano iliyo kubwa zaidi anaaminiwa kuwa ana habari mpya. Mhujumu hujibu upesi kwa namba kubwa kupindukia na hatua moja tu, trafiki inamwendea, anaizamisha. SAODV hutia saini sehemu zisizobadilika za ujumbe, na kuilinda idadi ya hatua kwa mnyororo wa heshi ili asiweze kuipunguza. Lakini anaweza kuirudia idadi aliyoipokea bila kuiongeza, mnyororo hauwezi kumshika kwa hilo. Tena ninyi hamtumii AODV. Msibadili itifaki inayofanya kazi kwa ajili ya ulinzi ambao hauna programu inayotunzwa.

Wazo la nodi kumsikiliza jirani kama kweli amepitisha pakiti lilichapishwa mwaka 2000, na waandishi wenyewe waliorodhesha linaposhindwa: fremu zikigongana kwa msikilizaji, zikigongana kwa mpokeaji, mhujumu akipunguza nguvu ya redio ili wewe usikie na mlengwa asisikie, wawili wakishirikiana, na anayetupa kidogo kidogo chini ya kiwango cha kengele. Kwenu kuna zaidi. Antena za mwelekeo hazikusikizishi jirani anapotuma upande mwingine. Na SAE humpa kila jozi ufunguo wake, kwa hiyo hata ukiinasa fremu ya jirani anayopeleka mbele, huwezi kujua kama ndiyo ile uliyompa. Usimbaji wa kiungo unampofusha mlinzi wa aina hiyo. (Na kunasa mawimbi ya watu ili kuyachungulia, Kenya ina sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta. Pimeni nodi zenu, msipime majirani.)

Kipimo kinachofaa ni cha mwisho kwa mwisho ndani ya handaki. Mhujumu anayejua kutofautisha ping na data ataipitisha ping na kuitupa data. Ndani ya WireGuard anaona UDP tupu, hajui ipi ni ya kipimo. Tuma pakiti 1000 za baiti 1200 kupitia nodi 9, kisha 1000 kwa njia isiyoipitia, kisha 9 tena, kisha njia nyingine, zote ndani ya saa moja ili bahari ya FundiAntena isiingilie hesabu. Kwa pakiti 1000 na upotevu wa kama asilimia 2, tofauti iliyo chini ya asilimia 1.3 inaweza kuwa bahati nasibu tu, usiijengee kesi. Redio hupoteza kwa mafungu pia, kwa hiyo mimi ningetaka tofauti kubwa kuliko hiyo, na ijirudie.

Msiweke mfumo wa kufukuza nodi wenyewe bila mtu kuamua. Mhujumu hatahangaika na pakiti zenu. Atatuma tuhuma za uongo dhidi ya nodi ya Makadara, na mtandao utajikata mguu wenyewe.

---

Kibokoni_Meshi

Shukran sana. Majibu ya vipimo: nodi 9 ilikuwa na `hop_penalty 0`, MTU 1500, na `fragmentation` imezimwa. Ping ilianza kupita kwenye 1448. Tumerekebisha yote matatu na njia zimegawanyika vizuri, picha zinafika.

Lango la tatu limejitokeza tena, MAC yake haimo kwenye orodha yetu. Njia za `batctl tr` zinakutana kwenye nodi 14. Nodi 14 yenyewe iko sawa; anayeonekana ni jirani yake ambaye hatumjui.

Tumeanza kuandaa funguo za WireGuard. Swali: nywila ya SAE tuibadilishe sasa au tusubiri? Na tunamzuia vipi huyu kwa usiku wa leo?

---

Binti_Tudor

1448 ni namba ya batman-adv kabisa: 1500 ukitoa kichwa chake cha baiti 10, kichwa cha Ethaneti cha ndani baiti 14, na zile 28 za ping. Nodi 9 imetoka kizimbani.

Kwa usiku wa leo, kwenye nodi 14 na nodi nyingine zinazoweza kusikia eneo hilo, weka `kmod-nft-netdev`, halafu:

`nft add table netdev kinga`
`nft add chain netdev kinga ingia '{ type filter hook ingress device "mesh0" priority 0; }'`
`nft add rule netdev kinga ingia ether saddr <MAC> drop`

Usitumie kanuni za kawaida za daraja la mtandao (bridge), batman-adv huzichukua fremu zake kabla hazijafika huko. Akibadilisha MAC atarudi, kwa hiyo hiki ni kizuizi cha kununua muda, hakimtoi. Kabla ya kumfungia, chukua nakala ya `batctl gwl`, `batctl n` na `iw dev mesh0 station dump` zenye saa na nguvu ya ishara. Ishara yenye nguvu kuliko -50 dBm kwenye nodi 14 maana yake huenda yuko paa la pili au la tatu, hayuko mbali. Huenda pia ni mwenye nyumba aliyenunua rauta ya pili akainakilia mipangilio ya zamani. Muulizeni kwa heshima kabla ya kingine chochote.

---

mzizi_wa_lango

Nywila ibadilisheni baada ya WireGuard kuwa hewani, si kabla. Mkibadilisha sasa, funguo zitakuwa bado hazijaenea, na kosa moja litawapandisha mapaa yote 17 juani.

Nodi yenye nywila mpya na yenye nywila ya zamani hazisalimiani, kwa hiyo msiende moja moja kutoka langoni kwenda nje. Mtazikata za mbali. Pelekeni faili jipya la `wireless` kwa nodi zote kama `/etc/config/wireless.mpya`, hakikisheni saa za nodi zote zinalingana, halafu cron moja (kazi inayojiendesha kwa ratiba) izibadilishe zote saa 10 alfajiri: nakili la zamani kuwa `wireless.zamani`, weka jipya, `wifi reload`. Dakika 10 baadaye cron ya pili ipige ping lango zote mbili kupitia handaki. Zikikosekana zote, irudishe `wireless.zamani`. Cron husoma namba ya saa za kizungu, andikeni 4, na mtazame kama nodi ziko kwenye UTC, maana hapo ni 1.

Nodi itakayojirudisha peke yake asubuhi ndiyo ya kuipandia ngazi. Mkiwa na hakika zote zimevuka, futeni `wireless.zamani` na hizo cron mbili, maana cron ya kurudisha ikibaki, siku malango yote mawili yakikosa umeme nodi zote zitarudi kwenye nywila ambayo jamaa wa nodi 14 anaijua.